Kijana kampiga mwenzie ngumi moja, mwenzie kafariki: je huyu ni muuaji kidini?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wangu. Mimi ni mama, mwanangu wa kiume ana miaka 14 na miezi 8. Wiki tatu zilizopita aligombana na mwenzie kwa maneno ya utani tu, akamtandika ngumi moja ya shavu, yule mtoto akaenda kinyumenyume kisogo kikagonga ukingo wa saruji. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akasema niko poa, akaondoka kwa miguu yake. Usiku akaanza kutapika, asubuhi wanamuamsha haamki, jioni yake akafariki. Saivi mwanangu ana kesi. Ndugu wanasema kidini nisihangaike mana ni mtoto na kalamu ya kuandika dhambi imenyanyuliwa, wengine wanasema siku ya yule mtoto ilishafika tu. Shemeji yangu anataka tuseme alijikwaa mwenyewe, na tutafute cheti kingine cha kuzaliwa kimpunguzie umri. Mwanangu hali, halali, kuna mtu kamtumia kwenye simu ile aya ya anayeua muumini kuwa malipo yake ni Jahannam, basi kila saa anaosha ule mkono wa kulia. Shekhe, mwanangu ni muuaji? Ana kisasi? Sisi wazazi tufanye nini? Na anaruhusiwa kumuombea marehemu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana mama yangu, na Allah amrehemu yule kijana na awape subra wazazi wake, hao ndio wa kwanza kupewa pole na nitarudi kwao.

Nianze na hiyo aya mana naona ndio inayomla mtoto. Ni aya ya 93 ya Suratun Nisaa na kweli ni kali, ila aliyemtumia kakata kipande. Aya inamzungumzia anayemuua muumini KWA KUKUSUDIA, na juu yake tu hapo, aya ya 92, Allah kamtaja anayeua kwa kukosea na hukumu yake iko mbali kabisa na hiyo ya chini. Mtu anayerusha aya moja kwenye simu ya mtoto aliyevurugikiwa bila kusoma ya juu yake, huyo naye ana lake la kutubia.

Sasa mwanao yuko kwenye aya ipi? Hayupo sawasawa kwenye yoyote kati ya hizo mbili na hapa ndipo watu wanapochanganya. Hakukusudia kuua, lakini pia huwezi kusema kakosea kama yule aliyelenga mnyama mshale ukampata mtu, mana ngumi kaitupa kwa kutaka na shavu kalilenga. Kwa hiyo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, Hanafi na Hanbali wana fungu la tatu katikati, wanaliita shibhul amdi, yani kuua kunakofanana na kusudi: umekusudia kupiga, hukukusudia kuua, na ulichopigia kwa kawaida hakiui. Imam Malik katika kauli yake mashuhuri hana fungu hili, kwake ni kusudi au kukosea basi, na anayepiga kwa ugomvi mtu akafa kwake ni kusudi, sikufichi hilo. Ila hao wengine wameshika hadithi ya Mtume swalla Llahu alayhi wasallam siku ya kufunguliwa Makka alipomtaja anayeuawa kwa mjeledi na fimbo, akamuwekea diya, yani fidia ya damu, ya ngamia 100, hakutaja kisasi. Na ile ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, waligombana mmoja akamrushia mwenzie jiwe akafa yeye na kilichomo tumboni, kesi ikafika kwa Mtume, akahukumu diya ya yule mwanamke ilipwe na jamaa wa aliyeua, hakuhukumu auawe. Iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim.

Watu wanauliza, moyo wa mtu utaujuaje kama alitaka kuua au hakutaka? Huujui, ndio mana mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya dini, hawaulizi moyo, wanauliza ulishika nini, ulipiga wapi, ulipiga mara ngapi, na uliyempiga alikuwa katika hali gani. Ngumi moja ya shavu kwa kijana mwenzio aliyesimama, hiyo haiui kwa kawaida. Lakini ngumi hiyohiyo ukiipiga juu ya mtu aliyekwisha lala chini, ukarudia na kurudia, au ukamkanyaga kichwa, hapo hata kama huna kisu wala jiwe mkononi hukumu inahama inaenda kwenye kusudi. Kwa ulivyonieleza mama ilikuwa moja na hakumfuata tena, na mimi najibu kwa maelezo yako tu. Mimi si kadhi wala si mahakama, kama ushahidi utaonyesha vingine basi na jibu litakuwa lingine.

Kwa hiyo kisasi hakuna hapa, na si kwa sababu ya umri, hata angekuwa na miaka 40 kwa ngumi kama hiyo kisasi kisingekuwepo kwa jumhuri, yani wengi wa wanazuoni.

Naomba umkalishe mtoto umsomee Suratul Qasas kuanzia aya ya 15. Nabii Musa aliingia mji akakuta watu wawili wanapigana, mmoja wa kwao mmoja wa maadui, wa kwao akaomba msaada, Musa akampiga yule mwingine pigo la ngumi, neno la Qur'ani hapo ni wakaza, na pigo lilikuwa hilohilo moja tu, mtu akafa pale. Angalia alichosema. Hakusema siku yake ilifika. Hakusema yeye ndiye aliyeanza. Alisema hii ni kazi ya Shetani, akasema Mola wangu nimeidhulumu nafsi yangu nisamehe, na aya hiyohiyo inasema akamsamehe. Sasa kuna hadithi ya shafaa, ndefu, Bukhari na Muslim wote wameipokea, watu siku ya Kiyama wanamwendea Musa awaombee kwa Allah naye anajitoa, anasema mimi niliua nafsi ambayo sikuamrishwa kuiua. Mtu kashasamehewa ndani ya Qur'ani na bado analikumbuka mbele ya viumbe wote! Kwa hiyo mwanao kutolala sio alama kwamba kalaaniwa mama, nafsi nzima ndivyo inavyokuwa. Ila huko kuosha mkono kila saa mpeleke kwa mtu wa tiba anayejua mambo ya akili, hakuna aibu, na umwambie mkono wake hauna najisi, dhambi haisafishwi na sabuni.

Na dhambi ipo, tusidanganyane. Kumpiga Muislamu mwenzio shavuni kwa sababu ya utani ni haramu hata asingeanguka, na toba yake inaanzia hapo, kwenye kupiga, sio kwenye kufa.

Tuje kwenye umri. Hadithi ya kalamu ni sahihi, kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Lakini shemeji yako anahesabu kwa kalenda ya ukutani. Kubaleghe kwa dini ni kuota kijana akatokwa na manii, hata akiwa na miaka 12, na asipoota basi kwa Shafi na Hanbali ni kutimiza miaka 15 ya mwezi, ushahidi wao ni sahaba Ibn Umar, alikataliwa vitani Uhud akiwa na 14 akakubaliwa Khandaq akiwa na 15. Abu Hanifa kwa kijana wa kiume kafika hadi 18. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, sasa chukua miaka 14 na miezi 8 ya kawaida igeuze, unapata 15 na mwezi na kitu. Mwanao kwa madhehebu yetu ya Shafi kashabaleghe hata kama hajawahi kuota, kalamu inaandika. Nadhani hakuna aliyepiga hesabu hiyo kwenye kile kikao chenu.

Alafu hata mngefanikiwa kumrudisha miaka 13, mngepata nini kidini? Kilichonyanyuliwa kwa mtoto ni dhambi, sio haki za watu. Mtoto mdogo akivunja kioo cha jirani kinalipwa, na akiua mtu diya ya yule mtu inabaki palepale, jumhuri wanasema hata kusudi la mtoto hukumu yake ni ya kukosea na wanaolipa ni jamaa zake. Kwa hiyo hicho cheti cha uongo kitawaongezea dhambi ya kughushi na ushahidi wa uongo juu ya damu, na hakipunguzi hata ngamia mmoja. Na hilo la kusema alijikwaa mwenyewe ndio baya zaidi mana unamchukua maiti unambebesha kifo chake. Suratun Nisaa tena, aya ya 135, Allah anatuamrisha tusimame kwa uadilifu tuwe mashahidi kwa ajili yake hata kama ni juu ya nafsi zetu au wazazi au jamaa. Mwekeeni mtoto wakili ni haki yake, na wakili akimwambia anyamaze kwenye jambo fulani anyamaze, kunyamaza ni kitu kingine. Uongo hapana. Mahakama nayo iende kwa sheria yake, ikimhukumu ya dunia, haki za Allah na za warithi bado zinasubiri upande wa pili.

Na wanaosema siku yake ilifika... kweli ilifika, hakuna anayekufa kabla ya muda wake uliopangwa. Lakini kwa hoja hiyo hata mwenye kuchinja mtu angesema siku yake ilifika na diya ingefutwa duniani. Kadari tunaitaja kwenye msiba kumliwaza aliyefiwa, na hapo mwenye haki ya kuisema ni mama wa marehemu, sio shemeji wa aliyepiga. Kuna na wale watakaosema wangemwahisha hospitali angepona, hilo nalo halimtoi mwanao, jeraha la kuua linabaki ni la aliyelisababisha hata mgonjwa asipotibiwa.

Sasa la kufanya. Kuna diya na kuna kafara, na watu wengi wanajua moja tu.

Diya ya fungu hili ni nzito, ngamia 100, na kwa Shafi wanagawanywa hivi: 30 walioingia mwaka wa nne, 30 walioingia mwaka wa tano, na 40 wenye mimba, na wasipopatikana ngamia inakadiriwa thamani yao, hapo mkae na wanazuoni wa kwenu wawakadirie msijikadirie wenyewe. Haimuangukii mtoto peke yake, inabebwa na aakila, ndugu wanaume wa upande wa baba, kwa miaka mitatu, kila mwaka thuluthi. Kwa Shafi baba na babu hawamo humo kwenye kulazimishwa, madhehebu mengine wanamuingiza baba, na kwa vyovyote baba akitoa kwa hiari yake nani atamzuia. Kwa hiyo huyo shemeji yako mwenye mawazo mengi, kama ni ndugu wa mumeo basi naye yumo kwenye walipaji, mwambie.

Warithi wa marehemu wana haki kusamehe, aya ya 92 imesema isipokuwa waifanye sadaka. Lakini diya inarithiwa kama mali nyingine, kila mmoja anasamehe fungu lake tu. Baba akisamehe hajamsamehea mama fungu lake, na mrithi mtoto mdogo hakuna wa kumsamehea.

Kafara ndio inayosahaulika. Hii ni haki ya Allah, warithi wakisamehe kila kitu wakakumbatiana na nyinyi na picha mkapiga, kafara haijaguswa. Ni kumuacha huru mtumwa muumini, na hayupo siku hizi, kwa hiyo ni kufunga miezi miwili mfululizo, yeye mwenyewe, humfungii wewe mama hata roho ikikuuma vipi. Na kwa kauli yenye nguvu hapa hakuna kulisha masikini 60, hiyo ni ya dhihari, yani mume kumfananisha mkewe na mama yake. Akila siku moja bila udhuru anaanza moja, kwa hiyo achague mwezi vizuri, asianze Shaaban Ramadhan ikamkata, asianze mwanzo wa Dhulqaada Idi ikamkuta njiani. Muharram na Safar ni nzuri, au aanze tarehe 2 Shawwal atamaliza siku za mwanzo za Dhulhijja kabla ya Idi. Hata akiwa mahabusu anaweza, wamjulishe msimamizi tu suala la daku.

Kwa wazazi wa yule kijana, nendeni. Msiende na bahasha siku ya kwanza, wala msiende na neno msamaha mdomoni, mwenye msiba ukimuomba msamaha mapema unamtwika kazi ya kukufariji wewe. Tangulizeni mtu mzima anayeheshimika pande zote aulize kama wako tayari kuwapokea, wakikataa rudini, mjaribu baada ya muda. Wakikubali aende baba, akae chini, aseme mtoto wetu ndiye aliyempiga mtoto wenu, kwa maneno hayohayo, na diya tunaijua iko juu yetu. Wakili ajue kwanza kabla hamjaenda. Kijana asipelekwe mpaka waitishe wao.

Na ndio, anaruhusiwa kumuombea marehemu, na kumtolea sadaka. Akimaliza swala amtaje kwa jina lake.

Wallahu aalam.