Maswali na majibu: Ua linalotega chambo

Safari iliyopita, nikijibu swali kuhusu nyuki, nilidokeza kwa sentensi moja tu kwamba yuko Mjapani aitwaye Tetsuya Higashiyama aliyeonyesha kuwa chavua haifiki kwenye yai la ua kwa kubahatisha, bali huitwa. Sentensi hiyo imeniletea barua kuliko nyuki wenyewe. Kwa ambaye hakuwepo: chavua, ule unga wa njano unaochafua shati ukipita katikati ya maua, ikitua mahali pake huchipua kama mbegu. Hutoa mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo huteremka ndani ya shingo ya ua ukibeba mbegu mbili za kiume mpaka lilipo yai. Haya, tuanze.

Ndugu mwandishi, mahindi yangu mwaka huu yana mapengo. Gunzi zima punje ziko upande mmoja, kwingine kama kinywa cha kibogoyo. Ina maana hayakuita chavua? (Mkulima, Mbozi)

Pole kwa mavuno, mzee wangu. Ukipata hindi bichi, limenye taratibu, kisha fuata unywele mmoja kwa kidole mpaka mwisho wake. Utakuta umeishia kwenye punje moja, basi. Kila punje ina unywele wake, hakuna kuazimana. Unga wa mbelewele, lile shada la kileleni mwa mmea, ukiuangukia unywele huo, mrija husafiri ndani yake mpaka chini, pengine sentimita 20 au zaidi, kwa muda wa siku nzima hivi. Pengo unaloliona ni safari ambayo haikufika.

Lakini usiulaumu wito haraka. Mara nyingi kosa ni la jua. Ukame ukiyapata mahindi siku zile za kutoa nywele, nywele huchelewa huku mbelewele ikimwaga unga wake kwa ratiba ileile, wakapishana. Au wadudu wamezikata nywele kabla ya wakati. Wito wenyewe upo, ila si ule wa Higashiyama. Wa mahindi ulitambuliwa na timu ya Thomas Dresselhaus huko Ujerumani, wakauchapisha mwaka 2005. Ni protini waliyoiita ZmEA1, na mimea iliyopungukiwa nayo, mirija yake ilikaribia mlango wa kuingilia kwenye yai ikapotea palepale.

Shikamoo. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Huyo Higashiyama alianzaje, na aliwezaje kuona kitu kilichofichika ndani ya ua? (Mwanafunzi, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu nzima.

Tatizo la somo hili tangu karne ya 19 lilikuwa ndilo hilo ulilolitaja, maficho. Mtaliano Giovanni Battista Amici aliuona mrija wa chavua kwa hadubini miaka ya 1820, na baada yake wengi walihisi kwamba lazima kuna kitu kinachouvuta. Ila yai la ua limezungukwa na tabaka juu ya tabaka. Ukitaka kuona, unakata, na ukikata, umeua. Ni sawa na kutaka kujua mahari inapangwaje kwa kubomoa ukuta wa nyumba: ukishaingia, mazungumzo yamekwisha.

Higashiyama alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Tokyo, katika maabara ya Tsuneyoshi Kuroiwa. Hakuanza na mashine, alianza na ua. Torenia ni ua la bustani lenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, la zambarau, la kawaida kabisa; ukipita huwezi kusimama kulitazama. Lakini lina tabia moja ya ajabu. Mfuko wake wenye yai hauketi ndani kama kwa maua mengine. Unachungulia nje ya kitundu chake, uchi, kama mtoto aliyetoa kichwa dirishani. Yai na seli zilizo jirani yake unaziona zikiwa hai.

Basi akafanya hivi. Alichukua shingo ya ua iliyotiwa chavua, akaikata, akailaza kwenye sahani ya maabara yenye chakula cha kukuzia. Mirija ikatokeza kwenye ncha iliyokatwa. Mbele yake akapanga vifuko vya yai vilivyochomolewa kutoka ua jingine. Mirija ikapinda, ikavifuata. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi.

Kuna jambo dogo humo ambalo mimi ndilo lililonikaa. Mirija iliyochipua moja kwa moja kwenye sahani, bila kupita kwanza ndani ya shingo ya ua, haikujali kitu. Ilipita karibu na yai kama mtu aliyevaa spika za masikioni. Ni iliyopita shingoni tu ndiyo iliyoitikia. Kwa hiyo njia yenyewe inaufunza mrija kusikia! Mwaka 2016 kundi lake lilieleza kwamba hata kifuko cha yai kina kitu cha kuuandaa mrija, aina ya mnyororo wa sukari, wakakiita AMOR. Ni neno la Kilatini, maana yake upendo. Wanasayansi nao wana siku zao.

Baada ya hapo ikaja zamu ya kumtafuta anayeita. Ndani ya mfuko ule kuna yai, kuna seli kubwa ya kati, na kuna seli mbili saidizi pembeni ya yai. Akatumia mwale wa leza kuua seli moja baada ya nyingine, huku akiangalia kama mirija bado inakuja. Akaua yai, mirija ikaja. Akaua seli ya kati, ikaja. Akaua seli saidizi moja, bado ikaja, ingawa kwa uchache. Alipoziua zote mbili, kimya. Hiyo ni 2001, kwenye jarida la *Science*. Kumbe anayeita si yai. Ni wapambe wake.

Miaka minane zaidi ikapita kabla ya kujua wanaita kwa kutumia nini. Mwaka 2007 alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Nagoya kama profesa. Timu yake ilichomoa seli saidizi moja moja, kazi ya mkono usiotetemeka, ikasoma ni jeni zipi zinafanya kazi humo. Zikajitokeza protini ndogo zinazomwagwa nje, wakaziita LURE, kwa Kiswahili chambo. Uthibitisho wake ni wa kupendeza. Walizitia kwenye vitone vya jelatini, wakaweka kitone kando ya ncha ya mrija kwa sindano ya kioo, na mrija ukageuka kukifuata. Hiyo ni 2009, kwenye *Nature*, na mwandishi wa kwanza ni Satohiro Okuda. Zingatia mwaka: kutoka ua hadi chambo ni zaidi ya miaka kumi, swali moja.

Na protini zenyewe ni ndugu wa defensini, silaha ambazo mimea hutumia dhidi ya vijidudu. Upanga wa ukoo umegeuzwa kuwa barua ya mwaliko.

Ua likishapata mrija mmoja, linaendelea kuita? (Msomaji, Bujumbura)

Linanyamaza. Seli saidizi moja hufa mrija unapoingia. Ya pili hubaki kama akiba: mrija wa kwanza ukiharibikiwa, wa pili huitwa. Mambo yakienda vizuri, ile iliyobaki humezwa na tishu inayokuja kuwa chakula cha mbegu. Daisuke Maruyama na Higashiyama na wenzao walionyesha hilo mwaka 2015.

Mume wangu amecheka sana niliposema mimea ina mbegu za kiume. Nimjibu nini? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Mwambie, dada, kwamba ipo mimea ambayo mbegu zake za kiume huogelea kabisa, zina nywele za kupigia kasia. Jambo hilo nalo lilionekana Tokyo, mwaka 1896, katika mti wa ginkgo kwenye bustani ya Koishikawa, na mti wenyewe ungali umesimama. Aliyeliona, Sakugoro Hirase, aliajiriwa na chuo kuchora picha za mimea. Hakuwa msomi wa shahada. Mwaka 1912, mwenzake Seiichiro Ikeno alipochaguliwa kupewa tuzo ya kifalme kwa kazi kama hiyo, alisisitiza Hirase naye apewe. Wakapewa wote wawili.

Mimea ya maua haina nywele hizo. Mbegu zake za kiume haziwezi kuogelea, ndiyo maana zinabebwa kwa mrija. Akiendelea kucheka, mpe hindi amenye.

Miaka yote hiyo na pesa za walipa kodi, faida yake nini? Tumepata mbegu bora? (Msomaji, Nairobi)

Mbegu ya kwenda kununua dukani, hapana. Sitakupamba kwa maneno.

Ila tazama alichofanya Higashiyama na mwanafunzi wake Hidenori Takeuchi, 2012. Walipata chambo cha mmea mwingine, arabidopsisi, kagugu kadogo ambako watafiti wa mimea hukatumia kama panya wa maabara. Wakaitia jeni yake katika torenia. Mirija ya arabidopsisi ikaifuata torenia na kuingia ndani, mimea ambayo haina hata ujirani wa ukoo. Mbegu haikupatikana, kwa kuwa mlango mmoja haufungui nyumba nzima, lakini kwa anayehangaika kuchanganya mazao na ndugu zake wa porini, kujua kufuli la kwanza likoje si jambo dogo.

La pili ni dawa ya kung'arisha jani ili taa ya hadubini ipenye mpaka ndani, inayoitwa ClearSee, ya mwaka 2015. Ndani yake mna zailitoli, ile sukari ya kwenye ubani wa kutafuna, mna chumvi ya nyongo, na mna urea. Ndiyo, urea ileile ya mfuko wa mbolea. Sasa inatumika katika maabara nyingi za mimea ambazo hazina habari na torenia. Higashiyama mwenyewe alirudi Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 2019, na bado anachungulia maua.

Shule yetu ina hadubini moja ya kawaida. Tunaweza kuuona huo mrija? (Mwalimu wa Baiolojia, Lushoto)

Mnaweza, mwalimu, na mnaishi mahali pazuri kwa hilo. Tafuteni *Impatiens*, ua la kivulini linalopandwa kwenye vyungu, lile ambalo tunda lake likiiva ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, na chavua yake haina maringo.

Yeyusha gramu 10 za sukari katika mililita 100 za maji safi, ongeza chembe kidogo sana ya asidi ya boriki. Weka tone kwenye kioo, kung'utia chavua kutoka ua lililofunguka asubuhi ileile. Mimi mara ya kwanza nilitumia ua la jana, nikakaa saa mbili natazama vidonge vilivyolala. La asubuhi ndilo lililofanya kazi: ndani ya nusu saa chembe zikaanza kuota mkia. Ukikaza jicho utaona vitu vidogo ndani ya mrija vikikimbia kwenda mbele na kurudi, kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Msikiache kioo wazi, tone hukauka upesi.