Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa vijana watatu

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia nikiwa na kalamu mkononi. Unasema taasisi yenu imepokea wahitimu watatu kwa mafunzo kwa vitendo ya miezi sita, wote wanataka kuwa watafiti wa sera, na bosi wako amekukabidhi wewe uwalee. Ukauliza: "Baba, nianze kuwafundisha nini, Stata au kuandika?" Halafu ukadokeza kwamba mmoja wao ameshakuuliza kama kazi hii inalipa. Hilo nitalijibu mwishoni, maana ni jepesi.

Usianze na Stata, hiyo programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, na kuandika nako kusubiri. Kila mmoja mpe swali dogo liwe mali yake, alifuate tangu mlangoni kwa mhojiwa hadi mezani kwa mwenye kuamua. Stata ataijua njiani kwa kuwa atabanwa nayo, na kuandika atajifunza kila utakapomrudishia rasimu. Naijua desturi ya ofisi nyingi hapa mjini. Kijana anafika, anapewa data ya mtu mwingine aisafishe, anaandika kumbukumbu za vikao, na siku ya warsha anakaa meza ya mbele kusajili wadau na kugawa posho. Miezi sita inakwisha, anaondoka na barua imejaa sifa ambazo aliyeisaini hana hakika nazo. Kazi amefanya, utafiti hajauonja.

Watakuletea maswali makubwa: "Sababu za umaskini Tanzania", "Changamoto za usafiri wa umma jijini". Usiwacheke, ndivyo walivyozoeshwa chuoni. Mkalishe mmoja mmoja, umuulize: ni nani atabadilisha uamuzi gani akilisikia jibu lako? Akibabaika, mkalipunguze pamoja. Chukua huo usafiri. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Nauli ya basi inajulikana, haina haja ya mtafiti. Isiyojulikana ni ile ya bodaboda kutoka ndani kabisa mitaani hadi kituoni. Mtu anayekaa mbali na Barabara ya Morogoro, safari yake ya kwenda Kariakoo na kurudi inamgharimu kiasi gani kwa jumla, na ni sehemu gani ya fedha hiyo inaishia kwa bodaboda? Hilo kijana mmoja analimudu kwa dodoso la kurasa mbili, na lina mtu wa kulisikia: anayepanga yale mabasi ya kuleta abiria vituoni yapite wapi.

Yule binti unayesema ana mikono myepesi kwenye kompyuta, ndiye wa kumwangalia kwa karibu. Mtu mwepesi wa kukokotoa huiamini namba upesi mno. Mpe namba moja tu, aifuate hadi ilikozaliwa. Ningempa ile ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya: kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, ukawa asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Kila mtu anainukuu. Muulize mstari wenyewe wa umaskini ulichorwa wapi. Atarudi na shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Sawa, agawe kwa siku thelathini: shilingi 1,644. Sasa mtume soko la Tandale na kalamu yake, apange chakula, mkaa, sabuni na nauli ndani ya 1,644. Atakurudia analalamika kwamba bei za leo si za 2017/18, na hapo hapo ameshaanza somo la mfumuko wa bei bila wewe kufungua kitabu. Muulize tena, mtoto wa miaka mitatu anahesabiwaje kwenye huo "mtu mzima"? Ataikuta hesabu ya kumpa mtoto sehemu ya mtu mzima, na atajua kwamba kuna watu walikaa mahali wakaamua sehemu hiyo iwe kiasi gani. Kisha mwambie azidishe kila asilimia na idadi ya watu wa Bara ya mwaka wake. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, kwa hiyo hata kabla hajamaliza kuzidisha atahisi jambo: asilimia imeshuka, lakini watu walio chini ya mstari wameongezeka. Habari zote mbili ni za kweli. Mwache akae nazo siku mbili tatu kabla hajakuandikia ni ipi itangulie kwenye aya ya kwanza, na kwa nini.

Huko mitaani wapeleke wote, hata yule anayesema yeye ni mtu wa takwimu za mezani. Waijue njia ya barua: ofisi yenu, wilayani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mjumbe wa kuwapeleka mlango kwa mlango. Wajionee kwamba mchana mkuu wa kaya hayupo, mkewe ndiye anayejibu, na mume akiingia tu majibu yanabadilika kuhusu nani anashika fedha za biashara. Hilo haliandikwi kwenye dodoso lakini mdadisi mwenye macho huliandika pembeni. Yule kijana mpole asiyesema kwenye vikao, nadhani huko ndiko atakakong'ara. Watu humwambia mengi mtu asiyewakatiza.

Na wataulizwa, "Sasa sisi tutapata nini?" Wafundishe kujibu kweli: hakuna malipo, sina uwezo wa kuahidi kwamba kitu kitabadilika, na unaweza kukataa wakati wowote. Atakayeahidi mkopo au mradi ili afunguliwe mlango, mrudishe ofisini siku hiyo hiyo.

Kuna somo moja ambalo vyuo vyetu havilitoi kabisa, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti kuu inasomwa Dodoma mwezi Juni, lakini wabunge wanajadili makadirio ya wizara tangu Aprili, mwezi ambao pia ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwasilishwa bungeni. Na mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti unakuwa umepita bungeni tangu Novemba. Sasa kijana anakamilisha muhtasari wa sera mwezi Mei, umepambwa kwa grafu za rangi, unapendekeza fungu jipya la fedha. Amefika harusini viti vinakusanywa. Bandika kalenda hiyo ukutani, na kila mmoja aandike kwenye mpango kazi wake jibu lake litahitajika mwezi gani na ofisi gani. Kama swali lake ni la halmashauri, amtafute afisa mipango wa halmashauri mapema, wanywe chai, asikie watu wale wanabanwa na nini. Watafiti wengi wanawaogopa maofisa wa Serikali, au wanawadharau. Yote mawili yanaharibu kazi.

Waambie vilevile kwamba andiko zuri linaweza kukataliwa. Tume ya ardhi aliyoiongoza Profesa Issa Shivji iliundwa mwaka 1991, ikazunguka Bara kusikiliza wananchi, ikatoa ripoti 1992. Pendekezo lake kubwa, kwamba ardhi isibaki chini ya mamlaka ya Rais, halikukubaliwa. Sheria za Ardhi za 1999 zikaiacha kwake kama mdhamini. Lakini hadi leo anayetaka kuandika kwa makini juu ya ardhi ya nchi hii lazima apite kwenye ripoti ile, hata kama anakusudia kuipinga.

Kuhusu rasimu, ushauri wangu utaonekana wa kivivu. Usisahihishe kila sentensi. Soma yote, weka alama pale ulipopotea, mrudishie na swali moja au mawili. Ukimwandikia upya, jina litakuwa lake na andiko litakuwa lako, na safari ijayo atasubiri umwandikie tena. Mwisho wa kazi, kila mmoja atoe ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mwenyekiti wa mtaa ule ule aliyewapokea anaweza kuusoma akauelewa, na waupeleke wenyewe kwa mkono. Ripoti ndefu ya Kiingereza ya wafadhili iendelee na safari zake.

Majina yao yawe kwenye jalada. Nasema hili kwa ukali kidogo maana najua jinsi jina la kijana linavyopotea kati ya rasimu ya tatu na kiwanda cha uchapaji. Na nauli, mwanangu. Mtoto wa watu anatoka Mbagala hadi Mikocheni kila siku kwa fedha ya mama yake anayeuza vitumbua, na ofisi yenu inatafiti umaskini. Kazungumze na bosi wako kabla ya mwezi huu kwisha. Akisema bajeti haina kifungu, muombe akuoneshe kifungu cha vitafunio vya warsha.

Sasa yule aliyeuliza kama kazi hii inalipa. Usimpe hotuba ya uzalendo. Mwambie mwanzoni hailipi sana, mikataba mingi inafuata mradi na mradi ukiisha nayo imeisha, na kupanda ngazi mara nyingi kunadai shahada ya uzamili. Mwambie pia kwamba anayejua kuuliza, kuhesabu na kuandika hakai bure mji huu, hata akiishia benki au wizarani. Kisha mwache aamue. Ameuliza swali la mtu mzima.

Nitumie rasimu ya kwanza ya huyo wa bodaboda, macho yangu bado yanasoma bila shida asubuhi. Mama yako anasema Jumapili ni pilau, uje nao wote watatu, ila umwambie Ijumaa kama mnakuja kweli ili ajue nyama anunue kilo ngapi.

Baba yako