Maswali yenu: farasi wa Michael Angelo Hayes mnadani

Tangu nilipogusia minada ya picha za farasi kutoka Ireland, barua zimemiminika. Nimechukua sita. Nimezifupisha, ila maana yake sijaigusa.

Mimi ni muuguzi, naishi Limerick. Kwenye katalogi ya mnada nimekuta picha ya askari wapanda farasi, rangi za maji, mchoraji Michael Angelo Hayes. Nilidhani ni jina la utani. Ni nani huyu, na mbona hasikiki?

Dada yangu, ndilo jina alilopewa na wazazi. Alizaliwa Waterford mwaka 1820. Baba yake, Edward Hayes, alikuwa mchoraji wa sura za watu katika vipande vidogo vinavyoenea kiganjani, na huyo baba ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana akawapenda farasi na askari. Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 22 tu, akateuliwa mchoraji wa mambo ya kijeshi wa mwakilishi wa Malkia mjini Dublin. Mwaka 1854 akawa mwanachama kamili wa Royal Hibernian Academy, chama cha wasanii wa Ireland, na miaka miwili baadaye akawa katibu wake. Hapo ndipo alipotaka kunyoosha mambo, wenzake wakagawanyika, yeye akafukuzwa. Alirudishwa baada ya chama kupata hati mpya mwaka 1861.

Kutosikika kwake kunaniuma, na nadhani chanzo ni karatasi. Kazi zake nyingi nzuri ni za rangi za maji, na rangi za maji haziwezi kuning'inizwa mwaka mzima kwenye mwanga. Hukaa kwenye makabati ya giza, hutolewa mara chache, zikarudishwa. Mwenye turubai kubwa la rangi za mafuta huonekana na kila mpita njia. Mwenye karatasi husubiri atakayemuulizia. Ukifika Dublin, uliza National Gallery of Ireland kuhusu picha yake ya barabara ya Sackville, ambayo leo ni O'Connell Street. Humo pichani Mnara wa Nelson bado umesimama (ulilipuliwa mwaka 1966), watu wamejaa, magari yanapishana, na hakuna farasi aliyewekwa pale kwa kujaza nafasi. Kila mmoja ana kazi anayoifanya.

Ile uliyoiona kwenye katalogi, nenda ukaitazame kwa macho yako kabla ya siku ya mnada.

Huwa naenda Ngong kuangalia mbio za farasi. Kwenye picha za zamani farasi wanaokimbia wametanua miguu yote minne, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, kama wanaruka hewani. Farasi hakimbii hivyo! Wachoraji hawakuwaona?

Umeona vizuri, kaka, na swali lako ndilo lililomsumbua Hayes.

Farasi akienda shoti, jicho la mwanadamu haliwahi. Kwa muda mrefu wachoraji walirithishana mtindo huo wa miguu iliyotanuliwa, na mabingwa wamo: Théodore Géricault wa Ufaransa aliwachora hivyo farasi wa mbio za Epsom, Uingereza, mwaka 1821, na picha ile iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hadi leo. Jumapili ijayo ukiwa Ngong, rekodi kwa simu kisha uicheze polepole. Kuna nukta farasi anakuwa hewani kabisa, lakini wakati huo miguu imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo. Haikutanuliwa hata kidogo.

Ushahidi wa kamera ulitoka California mwezi Juni 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera kwa safu kandokando ya njia ya farasi. Sasa tazama tarehe za Hayes. Mwaka 1876 alisimama mbele ya Royal Dublin Society, chama cha kuendeleza sanaa, sayansi na kilimo, akasoma mada kuhusu uchoraji wa wanyama walio katika mwendo wa kasi, akiuhoji mtindo ule wa kurithi. Mada ikachapishwa mwaka 1877. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo alitumbukia kwenye tangi la maji juu ya nyumba yake mjini Dublin, akafa maji. Ilibaki miezi sita tu! Kila nikizifikiria tarehe hizi nasikitika kwamba hakuwahi kuziona picha za Muybridge.

Kwa hiyo ukikutana na farasi wa miguu iliyotanuliwa, usiidharau picha kwa hilo. Ndivyo walivyofundishwa. Angalia vitu ambavyo jicho lingeweza kuviona: kwato imekanyaga ardhi kwa uzito au inaelea? Lijamu imekaa kinywani au imebandikwa usoni? Hatamu zimekazwa na mkono wa mtu, au zinaishia hewani? Kwa farasi anayetembea au anayekwenda matiti, yaani mbio za polepole, mchoraji hana pa kujificha.

"Inahusishwa na Hayes", "mtu wa karibu na Hayes", "kwa kufuata Hayes". Maneno haya ya katalogi yana tofauti yoyote?

Tofauti kubwa, na ni ya fedha. Jina kamili la mchoraji bila neno jingine lina maana kwamba nyumba ya mnada inaamini ni kazi yake. "Inahusishwa na" ni kwamba wanadhani ni yake ila hawathubutu kuapa. "Mtu wa karibu na" ni mkono wa mwingine wa zama zake. "Kwa kufuata" ni nakala, hata iwe ya karne moja baadaye. Tena kuna lile la sahihi: "imesainiwa" si sawa na "ina sahihi". La pili mara nyingi linakuambia kwamba jina lipo, lakini huenda liliandikwa na mtu mwingine. Soma ukurasa wa masharti mwanzoni au mwishoni mwa katalogi. Kila nyumba hueleza maneno yake humo.

Nyundo ikigongwa kwa euro 1,000, natoa 1,000?

Hapana. Kuna kamisheni ya mnunuzi, yaani ada unayoilipa nyumba ya mnada juu ya bei ya nyundo. Tuseme ni asilimia 25: hiyo ni euro 250. Juu ya kamisheni kuna VAT, nayo kwa asilimia 23 ya Ireland ni euro 57.50. Jumla 1,307.50, kabla ya kufunga na kusafirisha. Ukinadi kupitia mtandao wa kampuni nyingine, huenda kukawa na nyongeza tena. Amua kikomo chako ukiwa nyumbani, ukikihesabu kwa jumla hiyo. Kuna pia fungu la msanii kazi yake inapouzwa upya, lakini haki hiyo hukoma miaka 70 baada ya kifo chake, hivyo kwa Hayes haipo.

Niko Muscat. Wazee wetu husema farasi wa mbio wa Ulaya wana damu ya Uarabuni. Wachoraji wa Ireland waliwachora hao wa asili?

Wazee wako wamesema kweli. Ukifuata ukoo wa baba, kila farasi wa mbio wa damu safi anarudi kwa mmoja wa madume watatu walioletwa Uingereza: Byerley Turk, Darley Arabian aliyetoka Aleppo mwaka 1704, na Godolphin Arabian aliyekufa mwaka 1753. Na ndiyo, Daniel Quigley, mchoraji wa Ireland wa karne ya 18 asiyejulikana sana, alimchora Godolphin Arabian. Shingo imepinda kama upinde, na kichwa ni kidogo kupita kiasi kwa mwili ule. Wachoraji wa wakati huo walikuza walichokistaajabia, na mimi siwalaumu.

Shikamoo. Padri mmoja wa Ireland aliporudi kwao alituachia picha, iko sebuleni hapa Moshi. Gari refu la farasi, abiria wamekaa kwa kupeana migongo wakitazama pembeni mwa barabara. Chini kuna majina M. A. Hayes na J. Harris. Ni ya mkono? Ina thamani?

Marahaba. Barua yako imenifurahisha kuliko zote.

Hilo ni gari la Bianconi. Charles Bianconi alikuwa Mwitaliano aliyefika Ireland mwaka 1802 akiwa kijana, akizunguka kwa miguu kuuza picha. Mwaka 1815 alianzisha gari la abiria kutoka Clonmel hadi Cahir. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, farasi wa jeshi wakawa rahisi, naye akawanunua. Usafiri wake ukaenea sehemu kubwa ya nchi. Hayes aliyachora magari hayo, John Harris akachonga sahani za kuchapia, na Ackermann wa London akazichapa na kuziuza.

Kwa hiyo uliyonayo kwa dalili zote ni chapa, yaani mashine ilipita. Hakikisha kwa kioo cha kukuza, kile cha fundi saa kinatosha. Tazama mbingu. Ukiona vijichembe vidogo vidogo vilivyosambaa kama unga wa muhogo uliopepetwa juu ya meza nyeusi, hiyo ni chapa ya sahani. Rangi yenyewe huenda ilipakwa kwa mkono baadaye, ndiyo maana inadanganya. Utaona imevuka mstari kidogo, kwenye koti la abiria au ubavuni mwa farasi. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa safu sawasawa kama gazeti, basi ni nakala ya kisasa. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia chapa nikiamini ni rangi za maji, kwa kuwa sikubeba kioo siku hiyo.

Bei yake haitakuwa ya kujenga nyumba. Chapa huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kazi ya mkono, na seti kamili hupendwa kuliko moja moja. Lakini usiiuze kwa haraka, na usiipeleke kwa fundi fremu akakupunguzia kingo ili ienee: kingo pana zenye maandishi ni nusu ya thamani yake.

Ihamishe kutoka ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kama kuna madoa ya rangi ya kutu, ni unyevu na karatasi ya kadi mbaya iliyowekwa nyuma. Usiyasugue wala kuyapaka chochote. Nitumie picha ya upande wa nyuma, hasa kama kuna lebo ya duka au mwandiko wa penseli, kabla mtu yeyote hajaifungua.