Shangazi, mikono yangu haitulii na nyumba inanishinda

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, niko Tanga, nina watoto watatu wa miaka 9, 6 na 2, baba yao ni dereva wa lori anaondoka siku tano sita ndo anarudi. Tangu mdogo mikono yangu haitulii, bibi mzaa mama alinifundisha kusuka ukili wa mikeka kule Pangani, kroshia nilijifunza sekondari, mashuka nadarizi mwenyewe. Mwaka jana marafiki wakanambia geuza kipaji kuwa biashara nikaanza kupokea oda za vitambaa vya makochi, seti nauza elfu 45 na uzi peke yake unakula elfu 28. Mwezi wa kwanza nikanunua kaunta buku nikaandika malengo 11, nimalize mkeka wa binti yangu, nijifunze batiki, nifungue ukurasa Instagram, nisome kitabu kila mwezi na mengine. Sasa mwezi wa nane hata moja halijaisha. Kuna seti ya vitambaa 7 nimemaliza 4, harusi ya mwenyewe imeshapita ananisema vibaya kwenye simu. Mume wangu juzi karudi safari kakosa pa kukaa, akasema hii sio nyumba ni stoo. Wa miaka 6 ndo kanimaliza, kanambia mama ukishika uzi unakuwa huna masikio. Nililia. Je niache haya mambo nilee watoto kwanza? Alafu kikundi cha mtaani kinanitaka niingie tuchukue mkopo wa halmashauri tufanye batiki. Na kuna dada kauona mkeka alioniachia bibi anautaka kwa laki na nusu, niuze? Mama Watatu, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na huyo wa miaka 6 maana ndo amekuliza na hata mimi kanigusa.

Neno lake usilichukue kama hukumu. Hajasema mama hunipendi, wala hajasema tupa uzi. Kasema anachokiona, kwamba kuna saa anaita mara tatu hujasikia, na sababu yake tunaijua wote tunaofuma, yani uko katikati ya duara unahesabu kumi na nane, kumi na tisa, ukiitika tu hesabu imepotea unafumua mstari mzima. Sasa yeye hajui kama unahesabu, anaona mama kamgeuzia bega. Mwambie. Mwambie mama anahesabu, subiri nifike mwisho wa mstari nakusikiliza, na ukifika kweli weka chini umtazame usoni, usimwitikie huku macho yako kwenye uzi. Mstari mmoja atausubiri, seti nzima hawezi.

Na ngoja nikwambie la kwangu. Wangu walipokuwa wadogo nilipokea oda ya mashati ya shule, mashati 60, nikajiona nimetoka kimaisha. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani kuanzia watoto wakilala mpaka adhana ya alfajiri, na yule wa pili akawa hataki kulala kitandani, analala chini ya meza ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, mlio ule ndo ukawa unambembeleza. Kila nikikanyaga pedeli namuona mguu wake pale pembeni ya mguu wangu. Mashati nilimaliza na hela nikalipwa, lakini baada ya pale nilikaa zaidi ya mwaka sijagusa sindano hata kubandika kifungo. Nilikuwa napenda kushona tangu mtoto, na ile oda ikaniondolea. Nilikuja kuelewa baadae sana kwamba sikuchoshwa na kushona, nilichoka kwa sababu kila kilichotoka mkononi mwangu kilikuwa tayari ni cha mtu, na tayari nimechelewa.

Ndo maana nataka urudi uisome barua yako mwenyewe. Ukili ulikuwa unasuka, ulikuwa unafuma, ulikuwa unadarizi, na watoto walikuwepo na wakala wakaoga wakalala, hukuniandikia. Umeniandikia mwaka huu. Kilichoongezeka hapo katikati ni oda. Hao marafiki walikutakia mema, siku hizi kila mtu akiona mwenzie anajua kitu anamwambia geuza biashara, hata chapati nzuri mtu hapiki tena kwa amani, na sisemi biashara mbaya, hela inatakiwa. Ila hakuna aliyekwambia kwamba ukiuza kila kitu mikono yako inachokijua, hautabaki na kitu cha kukupumzisha. Zamani ukichoka na watoto ulikuwa unashika uzi, ukichoka na uzi unarudi kwa watoto. Sasa hivi ukichoka na vyote unashika nini?

Kwahiyo jibu langu la niache au nisiache, usiache. Kulea watoto na kutumia mikono sio vitu vya kusubiriana mpaka kimoja kiishe, maana watoto hawaishi kulelewa, huyo wa miaka 2 akifika sekondari mkubwa atakuletea mjukuu. Lakini gawa. Kimoja kiwe cha kuuza na kimoja kiwe chako na cha nyumbani kwako, kisiuzwe, kisiwe na oda wala tarehe. Mimi naona kroshia ndo iwe ya kuuza na ukili uwe wako, nitakueleza kwanini, ila kwanza tupige hesabu ya hiyo kroshia maana hapo umenitia uchungu.

Elfu 45 toa uzi elfu 28 inabaki elfu 17. Hujaandika seti inachukua siku ngapi lakini mama mwenye mtoto wa miaka 2 na kupika na kufua, seti ya vitambaa 7 haimalizi chini ya wiki tatu, tena hapo amejitahidi. Elfu 17 gawa kwa siku 21 ni kama mia nane kwa siku. Mia nane mwanangu! Kwa hiyo mia nane umekosana na mteja, umekosana na kochi, na mtoto anakwambia huna masikio. Pandisha bei. Wateja watapungua, ndio, na ndo tunachotaka, seti moja kwa mwezi yenye faida ya maana ni bora kuliko tatu za kukutoa roho. Na usianze kufuma kabla hujapewa nusu ya hela mkononi, na tarehe unayomwambia mteja ongeza wiki mbili juu ya ile unayoifikiria, maana kuna homa, kuna misiba, kuna siku mtoto ataamua tu halali.

Huyo bi harusi mpigie wewe leo, usisubiri apige yeye. Mwombe radhi bila kumweleza habari za watoto wala mume, mpelekee vile 4 vilivyo tayari, mpe tarehe ya vile 3 na hiyo tarehe uiheshimu hata kama kila kitu kingine kitasimama. Ukishamaliza hicho kitu utashangaa kichwa kilivyokuwa kizito.

Sasa ukili. Kuna kazi za mikono zinazokubali kusubiri na kuna zisizokubali, na kwa mama mwenye watoto wadogo hili ni jambo kubwa kuliko kipaji. Kroshia inasubiri, unachomeka pini kwenye kitundu cha mwisho kisifumuke unaenda kumtoa mtoto kwenye ndoo. Ukili unasubiri vizuri zaidi, ukiuacha wiki ukindu, yale majani ya kusukia, ukakauka unarushia maji kidogo unalainika unaendelea pale pale ulipoishia, na mikono ikishazoea macho yanakuwa huru, unasuka huku unamtazama mtoto usoni anakuhadithia ya shule na hakuna hesabu ya kupotea. Bibi zetu hawakuwa na muda mwingi kuliko sisi, walikuwa wanachota maji na kutwanga, ila walikuwa na kazi ambayo inabebeka mpaka barazani, ikawekwa pembeni, ikachukuliwa tena. Mkeka wa kulalia unakula pima nyingi za ukili, pima moja ni upana wa mikono yako miwili ukiinyoosha, na ukili ukiwa mwembamba ndo zinazidi, kwahiyo mkeka hauna haraka tangu enzi na enzi na hakuna mtu aliyewahi kusema umechelewa.

Batiki haisubiri hata kidogo. Mshumaa ulioyeyushwa lazima uwe wa moto ndo ushike kitambaa, ukiinuka kidogo ukapoa unaanza upya. Rangi ukishaichanganya na zile kemikali zake, kostiki na haidro, ni kuzamisha hapo hapo, ikikaa na hewa nguvu yake inaondoka. Alafu kostiki yenyewe, unaijua? Inachoma ngozi, na mtoto akiionja inaunguza mdomo na koo mpaka chini. Na wewe una mtoto wa miaka 2, umri ambao kila kilichopo kwenye chupa kwake ni juisi. Sikukatazi batiki maisha, nakwambia sio mwaka huu na sio nyumbani. Akianza shule huyo mdogo, nenda kajifunze SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, au kwa fundi mwenye uwanja wake, na glavu, na siku zote kostiki ndo inatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki, inaruka.

Na hapo ndo nakujibu la kikundi. Mkopo wa halmashauri ni kitu kizuri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, hauna riba, na wako wanawake umewainua kweli. Ulisimamishwa 2023 na mwaka uliofuata ukarudishwa, kwahiyo najua watu wana hamu nao. Lakini kukosa riba sio kukosa marejesho. Mkopo ni wa kikundi, mwenzio akishindwa nyote mnaulizwa, na wewe marejesho yako utayatoa wapi kama sio usiku ule ule unaotakiwa kulala? Waambie hao kinamama kwa upendo kabisa kwamba utaingia mzunguko mwingine, sasa hivi una deni la vitambaa 3.

Mumeo. Hapa utanisamehe, ana haki nusu. Mtu ametoka barabarani siku sita, mgongo umekufa, anakuta kochi la kwanza lina uzi, la pili lina ukindu, la tatu lina shuka lina sindano. Hata ningekuwa mimi ningesema stoo. Tafuta sanduku moja, moja tu, kisichoenea humo hakianzi, na siku anayorudi makochi yawe matupu. Nusu nyingine ya haki ni yako, na hiyo umeificha mwenyewe. Katika barua nzima hujaniambia kama anajua hela ya vitambaa inaenda wapi. Nina wasiwasi hajui. Wengi wetu tunafanya hivi, tunauza, tunanunua viatu vya shule na sabuni na vocha kimya kimya, alafu tunaumia kwamba mtu haheshimu kazi yetu. Ataheshimuje asichokiona? Mwonyeshe, sio kwa ugomvi, siku kashiba, mwambie viatu vya mkubwa ni seti ile, gesi ya mwezi ule ni seti ile.

Mkubwa wa miaka 9 mpe kazi ya kuchana ukindu, vidole vidogo vinachana vizuri, na kama anajua kusuka nywele za mdoli basi mwanzishie msuko wa nyuzi tatu. Mkeka ni wake si ndio? Basi ausuke na yeye, hata kama pima yake itakuwa imepinda usiifumue, ishone hivyo hivyo ndani ya mkeka, siku akiolewa ataitafuta kwa mkono aione iko wapi. Wa miaka 6 awe mwenye bakuli la maji ya kulainishia. Na baada ya magharibi mpaka watoto walale mikono iwe mitupu kabisa, hakuna uzi hakuna simu, hiyo ni saa yao.

Kaunta buku usilichane. Geuza ukurasa, andika mawili, vitambaa 3 na mkeka. Vitabu na Instagram na hayo mengine yabaki ukurasa wa nyuma, hayataoza.

La mwisho uliloliuliza kwa kifupi na mimi nakujibu kwa kifupi, mkeka wa bibi usiuze. Najua laki na nusu ni karibu faida ya seti tisa kwa bei yako ya zamani. Usiuze. Utandike hapo sebuleni jioni hizo mnaposuka, binti yako auone ulivyounganishwa, aupitishie kidole kwenye mshono. Huyo dada mwambie una mkeka mkononi wa mtu mwingine, ukiisha mtaongea.