"Turn a blind eye" na jicho bovu la Nelson

Mkuu, umeuliza bosi alipoandika kwenye barua kwamba mhasibu "turned a blind eye" (msemo wa Kiingereza, neno kwa neno "aligeuza jicho pofu") alimaanisha nini, na kama huyo mhasibu ana chongo. Hapana, macho yake mazima kabisa! Maana yake aliona, akajifanya hamnazo. Sisi tungesema alilifumbia macho jambo.

Asili inayosimuliwa sana ni ya Nelson, admeri wa Uingereza. Jicho lake la kulia liliharibika vitani Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801, wakipigana na meli za Denmark pale Copenhagen, mkubwa wake Hyde Parker akapandisha bendera za kuamuru mapigano yasitishwe. Inasemekana Nelson akaiweka darubini kwenye jicho lile lile bovu, akasema kweli haoni ishara yoyote. Mizinga ikaendelea, na akashinda. Wapo wanahistoria wanaoona hicho kipande cha darubini kimetiwa chumvi, ila bendera zilipanda na yeye hakusimama.

Sasa angalia: asiyejua jambo hawezi kulifumbia macho. Kwa hiyo bosi anadai mhasibu alijua. Hiyo barua isome tena taratibu.