Muulize Fundi: Milango Inayotuumbua

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watutumie malalamiko yao kuhusu milango ya maofisi, benki, hospitali na shule. Bahasha zimejaa. Tumechagua yale yenye dawa.

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisini kwetu pana mlango wa kioo wenye mshikio mrefu wa chuma, nje na ndani. Ukiingia unasukuma, lakini kila mgeni anavuta. Tulibandika karatasi ya SUKUMA, ikafuata ya pili yenye herufi nyekundu kubwa kama za bango la mkutano. Bado wanavuta. Kwani watu siku hizi hawasomi? – Mhasibu, Dodoma

FUNDI: Marahaba. Wanasoma, ila mkono hufika mlangoni kabla ya jicho. Fimbo ya chuma iliyosimama wima imewekwa ishikwe, na ukishaishika kinachofuata ni kuvuta. Bamba bapa halishikiki, kwa hiyo mtu anasukuma bila kuambiwa. Mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alilieleza jambo hili mwaka 1988, na wasanifu wakaja kuiita milango ya aina hii "milango ya Norman". Maskini, utadhani ndiye aliyeifunga.

Usibandike karatasi ya tatu. Kabla ya kununua chochote, tazama juu kwenye fremu. Milango mingi ya kioo husimama juu ya springi iliyofukiwa sakafuni, na springi hiyo kwa kawaida huruhusu mlango kwenda pande zote mbili. Ukikuta kipande cha alumini kimepigwa skrubu mbili kuuzuia upande mmoja, uliza nani alikiweka na kwa nini. Mara nyingi hakuna anayekumbuka. Kikiondolewa, anayevuta anaingia na anayesukuma anaingia.

Kama kina sababu, kwa mfano nje kuna ngazi na mlango ukifunguka huko utamwangusha mtu, basi shughulikia mishikio. Kwenye kioo, mishikio hufungwa mgongo kwa mgongo: boliti moja inapita kwenye tundu na kubana wa nje na wa ndani kwa pamoja. Ukiutoa mmoja, wa pili unaning'inia. Unahitaji vifuniko viwili bapa vya boliti pamoja na washa za plastiki, ili mshikio ubaki upande wa kuvuta na vifuniko vikae upande wa kusukuma. Asije fundi akakwambia atatoboa tundu jipya. Kioo cha usalama hutobolewa kiwandani kabla ya kuchomwa. Drili ikikigusa baada ya hapo kinamwagika chote sakafuni kuwa chembe.

Kwa mlango wa mbao kazi ni nyepesi: ng'oa mshikio wa upande wa kusukuma, weka bamba la chuma kisichoshika kutu la milimita 100 kwa 300, katikati yake iwe mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni. Liweke kwenye ukingo ulio mbali na bawaba. Ukiliweka katikati ya mlango kwa ajili ya urembo, anayesukuma atahitaji nguvu karibu mara mbili.

Kuhusu vibandiko: neno VUTA lina mkosi wake. Herufi zake zote nne zinafanana kushoto na kulia, kwa hiyo anayelitazama kutoka nyuma ya kioo anaona ATUV, safi kabisa, na anasimama kuliwazia. Tumia vibandiko visivyopenya mwanga, viwili vilivyopeana migongo, kila kimoja na neno la upande wake.

SWALI: Mlango wa benki ninayokwenda una vipande viwili. Siku zote kimoja kimefungwa, na siku zote ndicho ninachokijaribu kwanza, huku foleni nzima inanitazama. – Mama lishe, Unguja

FUNDI: Mama, wewe unatoka kwenye kisiwa kilicholitatua jambo hili zamani. Utazame mlango wa kale wa Mji Mkongwe: katikati kuna mfaa, ule mti ulionakshiwa unaofunika mshono. Mfaa umepigiliwa kwenye kipande kimoja tu na kulalia cha pili kwa nje. Kwa kuwa mlango unafunguka kwa ndani, kipande kisicho na mfaa ndicho hutangulia, na mtu anajua pa kuweka mkono angali barabarani.

Mlango wa benki yenu una mishikio miwili pacha, kwa hiyo ni bahati nasibu. Kipande kinachofungwa kwa makomeo ya juu na chini kiondolewe mshikio. Au, bora zaidi, mlinzi afungue makomeo yote asubuhi. Kipande kimoja kikiwa chembamba mno, kiti cha magurudumu hakipiti. Vipimo vya Marekani vinadai upenyo usiopungua milimita 815 mlango ukiwa wazi, na utepe wa fundi cherehani unatosha kukagua.

SWALI: Mlango wa wodi yetu una kile chombo cha juu cha kuufunga wenyewe. Unapiga kishindo, wagonjwa wanashtuka. Tumeuwekea tofali. – Muuguzi, Kisumu

FUNDI: Toa tofali leo. Ikiwa limekaa karibu na bawaba, kama watu wengi wanavyoliweka, linaumiza. Mlango una upana wa sentimita 90, tofali liko sentimita 5 kutoka bawaba: mtu akiegemea ukingo kwa uzito wa kilo 10, bawaba na skrubu zake zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 170. Ndiyo maana milango ya wodini hulegea na kuburuza.

Hicho chombo mafundi wanakiita doakloza. Ndani yake mna springi inayofunga mlango na oili inayoipunguza kasi. Kwenye kichwa cha boksi, au chini ya kifuniko cha plastiki, utaona skrubu ndogo mbili, wakati mwingine tatu. Moja inasimamia mwendo mrefu kutoka mlango ukiwa wazi, ya pili inasimamia nyuzi 10 hadi 15 za mwisho. Mara nyingi zimeandikwa 1 na 2. Kishindo cha mwisho ni kazi ya namba 2.

Zungusha kwa bisibisi kuelekea mshale wa saa, robo mzunguko tu, kisha uache mlango ujifunge mara tatu huku ukihesabu. Kutoka nyuzi 90 hadi karibu kufunga, sekunde 5 hadi 7 zinatosha kwa mgonjwa mwenye gongo. Namba 2 usiizidishe, maana ulimi wa kitasa unahitaji msukumo kidogo ili uingie. Ukiikaza mno, mlango utakuwa unasimama kidole kimoja kabla ya kufunga.

Kosa linaloua doakloza ni kuzungusha upande wa kufungua bila kuhesabu. Skrubu ikitoka, oili inaruka pamoja nayo, na hakuna wa kuirudisha. Ukiona mchirizi mweusi unateremka kwenye ubao, chombo kimekufa hata kama bado kinasogea. Usikijaze mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Nunua kipya na utaje saizi. Kwa vipimo vya Ulaya, saizi 3 ni ya mlango wenye upana usiozidi milimita 950 na uzito wa kilo 60, saizi 4 ni hadi milimita 1100 na kilo 80. Watu hununua kikubwa "kwa uhakika", kisha watoto na wazee wanashindwa kuufungua mlango.

SWALI: Mlango wa ukumbi wetu ni mzito asubuhi na mwepesi jioni. Umetiwa mafuta mara nne. – Mtunza ukumbi, Kampala

FUNDI: Mafuta hayana kosa, tafuta feni. Feni za kutoa hewa zikiwashwa na madirisha yakafungwa, hewa ya nje inaukandamiza mlango. Tofauti ya mgandamizo wa hewa ya paskali 50 ikiangukia mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 inazaa nguvu ya niutoni 94 hivi. Kwenye mshikio utasikia nusu yake, sawa na kuinua karibu kilo 5, na hapo hujahesabu doakloza. Fungua dirisha moja kisha ujaribu mlango. Ukilainika, umepata jibu: hewa inahitaji njia yake ya kuingilia, grili ya ukutani au mwanya wa chini.

SWALI: Mlango wa kioo unaoteleza wenyewe, pale mapokezi ya zahanati yetu, unafunguka saa nane za usiku na hakuna mtu. Walinzi wanasema ni jini na wameomba posho ya zamu. – Karani, Dar es Salaam

FUNDI: Posho wapeni, wanakesha. Jini tumtafute juu ya mlango. Kihisi kilichopo pale ni rada ndogo, nayo haijui mtu ni nini. Inajua kuna kitu kinachosogea. Bango la kitambaa linalopeperushwa na feni, majani ya ua la kwenye chungu, matone ya mvua barazani, vyote ni wateja. Zimeni feni kwa dakika 10, kisha ondoeni bango, kisha chungu, kimoja kimoja. Mkikosa, mwiteni fundi apunguze wepesi wa rada na kukiinamisha kichwa chake, kitazame eneo la mbele ya mlango tu badala ya kuchungulia barabarani.

Kuna kasoro ya pili, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Rada humsahau mtu aliyesimama tuli, kwa hiyo pale kizingitini panatakiwa kihisi kingine cha mwanga usioonekana. Kikichafuka au kufa, mlango unamfungia bibi aliyetua kuvuta pumzi. Kila Jumatatu wekeni katoni tupu kizingitini na msubiri dakika nzima. Mlango ukiigusa, uzimwe hadi utengenezwe. Mara nyingi dawa ni kufuta kioo cha kihisi kwa kitambaa laini kikavu.

SWALI: Nilibaki na hendeli mkononi, nikiwa upande wa ndani wa choo cha stendi. Nilitolewa baada ya nusu saa, na watu walikuwa wamejaa. – Jina limehifadhiwa, Mbeya

FUNDI: Pole sana. Hendeli inashikiliwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa, iliyofichwa upande wa chini wa shingo yake. Hulegea kidogo kidogo kwa kila anayebonyeza, na inakazwa kwa alenkii, ile spana nyembamba ya umbo la L. Sekunde 20, kila mwezi. Ndani ya kitasa mnapita chuma cha pembe nne, kwa kawaida milimita 8. Ikiwa bado kinaonekana, kibane kwa koleo au hata kwa kulirudisha hendeli bovu juu yake, kisha uzungushe. Kama kimeangukia nje, ingiza ncha ya mkasi au bisibisi nene kwenye tundu, ibane pembeni, zungusha. Chuma hicho usikisukume ukiwa ndani, utakifanya kiangukie mbali.

Vile vitasa vya choo vyenye alama nyekundu na kijani huwa vina mfereji mdogo upande wa nje. Sarafu inavifungua. Wasafishaji wote walijue hilo, maana tumeona makomeo mengi yaliyovunjwa bure.

SWALI: Bweni la shule ya binti yangu lina mlango wa dharura, lakini usiku unafungwa kwa kufuli na ufunguo anao matroni. Mwalimu mkuu anasema ni kwa usalama wa wasichana. – Mzazi, Nakuru

FUNDI: Hapa hatucheki. Machi 2001 moto uliua wanafunzi 67 katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara ya elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya bweni iwe na upana wa angalau futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Uchukue mwongozo huo, nenda nao ofisini.

Hofu ya mwalimu ya wezi inajibika kwa chuma. Kifaa chake ni nondo ya kusukuma inayolala upande wa ndani wa mlango: kwa nje hakuna mshikio wala tundu, kwa ndani hata mtoto akiuegemea unafunguka. Kilibuniwa Uingereza baada ya watoto 183 kukanyagana na kufa kwenye mlango wa ukumbi huko Sunderland mwaka 1883. Kama fedha haipo, komeo nene la kusukuma kwa ndani, bila kufuli, kwenye urefu wa kifua cha mtoto mdogo. Kengele ya betri itawaambia walimu nani ametoka.

SWALI: Mlango wa mbao wa maktaba yetu unakwama kila masika. Fundi anataka kuupiga randa. – Mkutubi, Tanga

FUNDI: Mwambie angoje. Mbao hunyonya unyevu na kutanuka kwa upana. Akiuranda Aprili, kufika Januari utakuwa na mwanya wa kupitisha daftari. Kwanza mnyanyue mlango kwa mshikio ukiwa nusu wazi: ukicheza juu na chini, kosa ni la bawaba ya juu, na skrubu zake mbili zibadilishwe na za milimita 75 zinazofika hadi ukutani.

Ukiwa imara, pakeni chaki kwenye fremu, fungeni, na mlango utaonyesha unapogusa. Uacheni ukauke hadi kiangazi, randeni hapo tu, mwanya ubaki milimita 3, kisha rangi kote. Pitisheni kioo cha kujitazamia chini ya mlango. Ukingo ule ndio maji ya deki hupandia, na mara nyingi utaukuta mweupe kama ulivyotoka kwa seremala.