La Cucaracha si ya kwanza

La Cucaracha, filamu fupi ya 1934, si filamu ya kwanza ya rangi, ingawa utalikuta dai hilo kila mahali. Technicolor, mfumo wa kupiga filamu za rangi, ulikuwa tayari na toleo la rangi mbili miaka ya 1920. Kilichokuwa kipya ni kamera ya mikanda mitatu, yenye kioo cha kugawa mwanga ili nyekundu, kijani na buluu zinaswe kila moja kivyake. Disney aliutumia mfumo huo kwenye katuni mwaka 1932. Hata kwa waigizaji wa kweli, studio ya Warner iliwahi: kichekesho chake Service with a Smile, ambamo Leon Errol anaigiza mwenye kituo cha mafuta, kilitoka Julai 1934. La Cucaracha ikafuata mwisho wa Agosti.

Ila iangalie tu, ni dakika 20 hivi. Mzee Martinez, mmoja wa wahusika, anapopandwa na hasira, uso wake unaiva nyekundu kama nyanya, na ni taa tu zinazobadilishwa rangi! Hadithi yenyewe nyepesi mno, wivu wa mcheza dansi basi. Oscar ya filamu fupi ya vichekesho ilipata.